Gari Likishaombewa Halisemwi

Sifa ni za Mungu, aliyetupa miguu kabla hatujajua magurudumu, na ambaye hajawahi kumwomba mtu yeyote amsifie kwa uongo. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanasoma bila kuazima miwani ya mke wangu, na kwa subira, maana bila subira nisingeweza kuishi na wenye magari wa Mwanza katika miaka ile ya soko huria.

Wasiokuwepo watadhani natia chumvi. Kabla ya hapo gari lilikuwa la serikali, la chama cha ushirika au la misheni. Mtu wa kawaida alikuwa na baiskeli, na baiskeli yake aliijua mpaka spoku moja moja. Kisha milango ikafunguliwa. Magari yaliyochokwa na Wajapani yakaanza kushushwa bandarini Dar es Salaam, yakapandishwa kwa barabara mbovu mpaka huku ziwani, yakafika yakiwa bado na nailoni kwenye viti. Nailoni ile haikutolewa. Watu waliikalia kwa jasho, suruali zikinata, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, ili mgeni akiingia aone kwamba gari ni jipya. Lilikuwa jipya kama mimi nilivyo kijana.

Kanisani kwetu Mkuyuni tulikuwa na desturi yetu. Aliyenunua gari alilileta Jumapili. Baada ya mahubiri aliweka funguo juu ya meza ya Bwana, akasimama na mkewe, wamevaa kitenge cha doti moja, akatoa ushuhuda. Wengine walilia. Halafu tulitoka wote nje, mchungaji akaweka mikono juu ya boneti, watoto wakapapasa taa, kwaya ikaimba, na wali ukaliwa. Sioni ubaya wa kumshukuru Mungu kwa gari. Ubaya uliingia kwa mlango mwingine, na mlango huo niliufungua mimi.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la kipaimara, na mzee wa kanisa. Kwa miaka mingi niliwafundisha watu kwamba ushuhuda ni sadaka. Nilipenda kusema hivi: "Ukishashuhudia, umetoa. Anayegeuka kuulalamikia ushuhuda wake ni sawa na anayerudisha mkono ndani ya kapu achukue alichotoa." Niliona ni fundisho zuri, na wanafunzi wangu walilishika kuliko amri zote kumi. Matokeo yake, mtu akishasimama mbele ya kanisa na kusema Mungu amempa gari zuri, gari hilo lilibaki zuri mpaka siku ya kiama. Likipasuka injini, ni zuri. Likivuja mafuta mpaka kuku wa jirani wakawa weusi, ni zuri. Kulisema vibaya ilikuwa ni kumnyang'anya Mungu sadaka yake.

Baraza la wazee likaamua kanisa nalo linunue gari. Haikuwa anasa. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa tumbo moja, alikuwa mwinjilisti huko ng'ambo ya Magu, akihudumia makanisa matano madogo yaliyotawanyika kwenye mbuga za mpunga na pamba. Alikuwa amevuka miaka sitini, ana ngiri, na bado alikuwa anayazungukia kwa baiskeli. Mvua zikianza, udongo mweusi wa kule unageuka ugali. Baiskeli inambeba yeye nusu ya njia, nusu iliyobaki yeye anaibeba baiskeli. Wagonjwa wa vijiji vile nao walitegemea bega la jirani kufika hospitali ya Magu. Wakulima walikuwa wametoa magunia yao ya mpunga, misimu mitatu, ili gari lipatikane. Wasingeweza kutoa mara ya pili. Tukikosea, kaka yangu angemalizia umri wake matopeni.

Yeye mwenyewe alituma neno moja tu: "Msiniletee gari la harusi."

Mimi nikapewa kazi ya kuwauliza wenye magari. Swali nililitunga mwenyewe na nililiona la hekima: ukipewa nafasi leo, utanunua tena gari kama lako?

Nilianza na muumini mmoja aliyekuwa mnunuzi binafsi wa pamba. Alijenga Ilemela, juu kabisa ya mawe, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri mara mbili. Chini ya mlima alikuwa na gari jeusi, refu, lililoinama kama linatafuta kitu lilichodondosha. Nilimkuta amesimama kando yake akilipangusa vumbi kwa leso ya mfukoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, baba. Nina swali moja. Ukipewa nafasi leo, utanunua tena gari kama hili?"

"Kama hili? Mwalimu, mara kumi."

Wakati huo mkewe alikuwa anapita na debe la mchele kichwani, anaanza kupanda mawe, jasho tayari.

"Shikamoo mwalimu," akasema bila kugeuka, maana debe halimruhusu. "Mara kumi? Basi uniombee, mwalimu, tupate nyumba kumi hapa chini. Hili halijawahi kuuona mlango wetu."

"Mama, mwalimu ameuliza gari. Hakuuliza mlima."

"Nami nimekisemea kichwa changu. Sikulisemea gari."

Alicheka, mume akacheka, mimi nikacheka. Kisha nikaandika kwenye daftari langu: *Anaridhika kabisa.*

Wa pili alikuwa wakala wa samaki, anayekusanya sangara mialoni na kuwapeleka kwenye viwanda vya minofu. Alikuwa na pikapu nyeupe, mgongoni imeandikwa kwa rangi nyekundu neno la shukrani kwa Mungu. Alinichukua nipande ili nijionee. Nilipokaa nikaona barabara inapita katikati ya miguu yangu. Maji ya barafu ya samaki yalikuwa yamekula sakafu, likabaki tundu ambalo mtoto mchanga angepita.

"Hapo pamekuwaje?" nikamuuliza.

"Hapo? Hapo panaleta hewa, mzee. Ziwa letu lina joto."

"Na je, likikulaza njiani?"

"Gari hili tangu niliombee halijawahi kunilaza njiani. Shahidi ni Mungu."

Tulikuwa tumesimama kwa fundi wake, mtu mzima mwenye mvi, ambaye tayari alikuwa amejilaza chini ya pikapu ile kabla haijazimwa vizuri. Sauti yake ikatoka huko chini.

"Ni kweli, mzee. Yeye hajawahi kulala njiani. Hulala mimi."

"Wewe fundi, kaza nati," wakala akamwambia.

"Nati ipi? Ile ya Jumatatu au ile ya leo?"

Nikaandika: *Halijawahi kumlaza njiani.*

Naomba msomaji anielewe. Macho yangu yaliuona mlima, yakaliona tundu, yakaiona miguu ya yule fundi ikichungulia chini ya bampa. Lakini mimi ni mtu niliyelelewa na maneno. Nilikuwa nimetumwa kuuliza, na walionijibu walikuwa wamekwisha kuapa mbele za Mungu. Nani mimi niyaweke macho yangu juu ya ushuhuda? Ujinga una namna nyingi za kuvaa, na ule wa mtu wa dini huvaa kanzu nyeupe.

Wa tatu alikuwa karani wa zamani wa chama cha ushirika. Ushirika ulipopunguza watu, alipewa kiinua mgongo, akanunua basi dogo la abiria kumi na wawili. Ubavuni lilikuwa bado na maandishi ya Kijapani, makubwa, ya bluu. Karani hakuyafuta. Alikuwa akiwaambia watu ni jina la chuo kikuu. Mtu mmoja aliyewahi kusafiri akamwambia ni jina la dobi. Basi hawakusalimiana tena tangu siku hiyo.

Ajabu ya gari hili ilikuwa mwanamke. Ukiweka gia ya kurudi nyuma, sauti ya mwanamke ilisema Kijapani, kwa adabu sana, ikirudiarudia mpaka utoe gia.

"Unamsikia?" karani akaniuliza, uso unang'aa. "Kila asubuhi ananiamkia. Mke wangu mwenyewe haniamkii hivi."

"Anasema nini?"

"Adabu, mwalimu. Hata usipoelewa, adabu unaijua."

"Utalinunua tena?"

Akanishika mkono. "Mwalimu, mimi nimefikia umri wa kupumzika. Nilikuwa naomba Mungu anionyeshe mtu wa kumwachia gari hili, mtu atakayelitunza. Na sasa umekuja wewe." Machozi yakamlengalenga. "Ningepata tena fedha, ningenunua jingine hilihili, kesho asubuhi."

Nilisoma daftari langu mbele ya baraza. Wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Mmoja akasema ushuhuda wa karani umemgusa kuliko mahubiri. Tukalinunua basi dogo.

Kaka yangu alikuja Mkuyuni kulipokea. Hakulipapasa boneti wala hakuangalia viti. Alichuchumaa, akaweka ngumi yake chini, juu yake akaweka ngumi ya pili, na ya pili ikagusa tumbo la gari.

"Mdogo wangu."

"Naam, kaka."

"Wewe umesoma mpaka Kigiriki."

"Kidogo."

"Na kule kwetu umezaliwa."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema, akasimama na kupangusa mikono. Afadhali angenitukana.

Tukapanga tulifanyie ibada ya kuliombea baada ya safari ya kwanza, ili ushuhuda uwe na kitu cha kusimulia. Vuli ilikuwa imeanza. Tulitoka Mwanza mapema, dereva, kaka yangu na mimi, kwenda kumchukua mama mmoja mzee, nguzo ya kanisa moja kati ya yale matano, ambaye alikuwa na homa kali na kifua, ili tumpeleke hospitali. Mpaka Magu tulikwenda vizuri, lami ni lami, hata jiwe lingeteleza juu yake. Tulipoacha lami na kuingia mbugani, gari lilikwenda umbali wa kutosha kutupa matumaini, kisha likakaa chini, taratibu, kama ng'ombe anayejua kwamba siku imekwisha.

Tope lilifika milangoni. Dereva akaweka gia ya kurudi nyuma, na yule mwanamke akaanza. Magurudumu yakazunguka, tope likaruka mpaka kwenye nailoni, mwanamke akaendelea kusema kwa adabu ileile. Akaja mkulima mmoja na jozi mbili za ng'ombe wa plau. Akafunga mnyororo, ng'ombe wakavuta, bampa likatoka peke yake na kwenda na ng'ombe kama hatua ishirini. Mkulima akalirudisha, akaliegemeza kwenye kichaka, akasimama kusikiliza.

"Huyu mama humo ndani anasema nini?"

"Anamshukuru Mungu," kaka yangu akajibu.

"Kwa lipi?"

"Hilo muulize mdogo wangu. Yeye ndiye mwalimu."

Mkulima akaniangalia na suruali yangu ya Jumapili, akaona huruma, akaanza kukunja mnyororo wake.

Ndipo tukawaona watu wanakuja kutoka upande wa kijiji. Wanaume wanane, wamebeba kitanda begani, wanatembea kwa kupokezana, matope yamewafika magotini. Wamengoja, wamechoka kungoja, wameamua kumleta wenyewe. Juu ya kitanda amelala mama yetu mgonjwa, amefunikwa blanketi. Walipotufikia wakasimama kupumua. Mama akainua kichwa kidogo, akalitazama basi lile lililozama, maandishi ya bluu yakiwa yamebaki nusu juu ya tope.

"Ndilo hilo gari letu?" akauliza.

"Ndilo, mama," kaka yangu akasema.

Akatutazama mmoja mmoja, sisi watatu tuliotumwa kumwokoa.

"Poleni sana, wanangu," akasema. Kisha wakamwinua wakaenda.

Alifika hospitali ya Magu kwa mabega ya watu, akatibiwa, akapona, na Mungu nampa utukufu wote kwa hilo, maana gari halidai chochote. Kaka yangu aliwafuata kwa miguu. Ngiri yake iliuma vibaya siku ile, akalala wiki mbili. Sisi tulitoka mbugani kesho yake.

Jumapili iliyofuata mchungaji, ambaye hakuwa amesikia habari yote, akaweka funguo juu ya meza ya Bwana na kuniita nitoe ushuhuda wa gari la kanisa. Nilisimama. Mbele yangu walikuwa mnunuzi wa pamba, wakala wa samaki, na karani, wote wamenielekezea nyuso za watu wanaongoja kusifiwa. Nilikuwa nimeandaa maneno laini. Nikamkumbuka mama akitupa pole, maneno laini yakakataa kutoka.

"Ndugu zangu," nikasema, "gari hili, Mungu akinipa nafasi nyingine, sitalinunua. Na lile fundisho langu la ushuhuda na kapu la sadaka, nalifuta leo. Mungu hakutuomba sadaka ya uongo. Niliwafundisha vibaya, mkafunga midomo, mkanidanganya, nami nikavidanganya vijiji vya kaka yangu. Kosa la kwanza ni langu."

Kisha kutoka upande wa wanawake, sauti moja, kavu kabisa, ikasema, "Amina." Alikuwa mke wa mnunuzi wa pamba.

Baada ya ibada ndipo nilipoyasikia yaliyokuwa yamefichwa. Wakala wa samaki alikiri kwamba amebadilisha sanduku la gia mara mbili. Mnunuzi wa pamba alisema hulilipia gari lake ulinzi kwa mama muuza dagaa aliye chini ya mlima. Waliongea kama watu waliovuliwa viatu vinavyobana, na kila mmoja akawa anajivunia ubovu wa gari lake kumshinda mwenzake. Hata kuungama walikufanya mashindano. Niliwadharau, halafu nikakumbuka daftari langu, nikapunguza.

Karani hakubaki. Alinijia nyumbani alasiri.

"Mwalimu, umeniaibisha."

"Nimeanza na mimi, mzee mwenzangu."

Akavua kofia yake, akaipakata. "Niliandika vitabu vya pamba tangu sijaoa. Siku moja wakaniita, wakanipa bahasha. Gari lile ndiyo bahasha hiyo. Ningesema ni bovu, ningebaki na nini cha kuonyesha?"

Kwa mara ya kwanza katika habari hii sikuwa na kejeli. Nilimwomba anisaidie kumpata mnunuzi mwingine, na safari hii aseme kila kitu. Alisema. Alipatikana mtu wa safari za lami za mjini, akaambiwa kuhusu tumbo, bampa na hata rejeta inayovuja, ambayo sisi hatukuambiwa, akalinunua hivyohivyo kwa ajili ya yule mwanamke wa Kijapani.

Kuhusu gari la kaka yangu, nilikwenda kumuuliza dereva mmoja wa matengenezo ya barabara, mtu asiyesali popote. Alikuwa na gari la zamani lililoinuka juu ya magurudumu yake, la mnada wa serikali, rangi imekwisha, viti vya mbao vimefunikwa ngozi.

"Unalipenda?" nikauliza.

"Kulipenda? Linanywa mafuta kama mlevi. Mgongo wangu limeumaliza. Ukiendesha siku nzima, jioni huwezi kumsikia mkeo."

"Ukipewa nafasi, utanunua lingine?"

"Hilihili," akasema, wala hakufikiri. "Nitanunua nini kingine? Mimi napita matopeni."

Mnadani kulikuwa na pacha wake. Tulilinunua kwa fedha za lile basi dogo, na siku tuliyolileta kanisani hakuna aliyepiga nalo picha. Watoto hawakutaka hata kupapasa taa, moja haikuwepo. Mchungaji aliliombea kwa maneno machache, na hakuna aliyeombwa kushuhudia.

Masika yake nilikwenda nalo mbugani. Mvua ilikuwa imepiga wiki nzima. Gari lilinguruma, likayumba, likachimba, likapita, na kaka yangu alikuwa amelala usingizi mdomo wazi juu ya kiti kile cha mbao, kichwa kinagonga dirisha, hajali. Tulifika kanisa la kwanza kabla kengele, yaani rimu ya tairi iliyoning'inizwa mtini, haijagongwa. Ndani hapakuwa na mtu. Kaka yangu akaketi kwenye benchi la mbele na Biblia yake magotini, miguu mikavu, akaangalia mlango. Miaka yote watu walimngoja yeye, wakati mwingine mpaka jua kupinduka. Siku ile aliwangoja yeye, na walipoingia mmoja mmoja na kumkuta pale, wengine walirudi nje kwanza kuhakikisha kwamba hawajachelewa.

Nawe uliyevumilia kunisoma mpaka hapa, Bwana akulinde uendako na urudipo. Akupe rafiki anayekuambia ukweli ungali na muda wa kuutumia, na nyumba ambamo unaweza kusema nilikosea, na bado ukaandaliwa chakula. Amina.